Mizani Nane

Mpira unaanza saa ngapi, aliuliza mzee wa jukwaa la saruji,
koti la mvua mkononi, tikiti kaikunja kama hati ya shamba.
Hakuna mpira leo, mzee.
Akatazama nyasi, akatazama magoli yasiyo na nyavu,
akatutazama sisi na sketi zetu za rangi ya ndizi mbivu:
Sasa mnamshangilia nani?

Jibu la hilo Mwalimu Ndetaramo hakutufundisha.
Alitufundisha kuhesabu. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili,
hajui hesabu nyingine zaidi ya ile ya shairi:
mizani nane, pumua, mizani nane, tua.
"Mwili nao una vina," alisema, akigonga debe kwa ufunguo wa ofisi,
"ukikosea wa nane, mwenzako anavunjika shingo.
Mshairi akikosea anachekwa tu."

Miezi saba, nyuma ya ghala la kahawa,
na vumbi la Pasua linaloingia hata ndotoni.
Vishada vyetu ni salfeti za mbolea, tulizifumua uzi kwa uzi;
ukivitikisa sana unasikia harufu ya mahindi ya Kahe.
Magodoro ya kuangukia tuliazima bweni la wavulana,
tukayarudisha kila Jumapili kabla ya kengele.

Leo ni ya kimataifa. Imeandikwa kwenye turubai,
herufi ya mwisho imefungwa kwa waya kwa sababu ya upepo.
Wamekuja wa Kampala na viatu vyeupe, vyeupe kweli,
wa Bujumbura wanaotua bila kishindo,
wa Eldoret waliokesha Holili mpakani wakitafuna karanga.
Wa Ndola bado wako Tunduma. Muhuri, wanasema. Muhuri.
Nafasi yao ikaachwa wazi kwenye mstari,
kama pengo la jino ambalo ulimi haukomi kulirudia.

Mgeni rasmi alisimama mbele ya utepe, akanyoosha mkono,
mkono ukabaki hewani: hakuna aliyekumbuka mkasi.
Mama yangu ndiye aliyeshuka ngazi.
Anashona Kiborloni; halali kabla hajauona mkasi wake.
"Huu haujawahi kukata karatasi," alimwambia,
"sembuse plastiki. Kata mara moja, unirudishie."
Akakata mara moja. Akamrudishia.
Hivyo ndivyo yalivyofunguliwa mashindano,
magazeti yaandike yatakavyo.

Kisha zamu yetu.
Mimi ni wa chini. Niseme wazi, maana picha hazitasema.
Wa juu ni Aikande, kilo arobaini na moja,
ambaye bibi yake anaamini tunamnyima chakula makusudi.
Mimi, Nakunda na Elifuraha ni mabega.
Ukiwa chini dunia ni ndogo:
jasho la shingo ya Nakunda, majani manne ya nyasi,
soli ya Aikande na stika ya bei, elfu tisa, haijabanduliwa.
Tatu. Nne. Kiganja changu kinajua kwamba anaogopa
kabla hajajua mwenyewe.
Tano. Sita.

Saba, na uwanja ukalipuka.
Hata siku ya goli la dakika ya mwisho sikusikia sauti ile.
Yule mzee, nilimtambua, alikuwa akipayuka kwa Kimachame.
Nikasema moyoni: ni sisi.
Ndipo mtu akaita, Mlima! Mlima umejifunua!
Kilele chote, na theluji yake, nyuma ya migongo yetu,
baada ya siku kumi na moja za wingu.

Sikugeuka. Wa chini hageuki.
Nane.

Tulipomshusha nilimshika mikono: Uliuona?
Ulikuwa juu, karibu nao kuliko sisi wote.
Akapangusa pua. Nilifumba macho, alisema,
nilikuwa nahesabu.

Nikageuka mimi. Wingu limerudi mahali pake.
Mzee bado amesimama, anapiga makofi,
ametuelekea sisi au wingu, sikuweza kujua,
na mama, ngazi ya tatu, anapima makali ya mkasi
kwa kidole gumba.